Msimbo uliobandikwa juu ya kila ukurasa: kisa cha tovuti iliyoonekana nzima

Kisa hiki kinahusu taasisi inayotoa mafunzo ya kitaaluma na kupokea maombi ya wanafunzi kupitia tovuti yake. Nimeondoa jina la taasisi, majina ya wahusika, majina ya kampuni zilizowahudumia na tarehe zote. Mfuatano wa matukio nimeupata katika nakala rudufu za faili, kumbukumbu za seva na mazungumzo na watu waliokuwepo. Nimewaandikia hasa wale wanaosimamia tovuti bila kuwa wasanidi programu, maana wao ndio wanaotumiwa vipande vya msimbo mara kwa mara pamoja na agizo fupi: "Bandika hii kwenye head, itafanya kazi."

Mara nyingi hufanya kazi kweli, na matatizo ya tovuti hii yalianzia kwenye kipande kilichofanya kazi.

Usuli

Tovuti iliendeshwa kwa WordPress, programu ya kusimamia tovuti, na mandhari (mafaili yanayoamua sura ya tovuti) iliyonunuliwa. Fundi aliyeijenga alikabidhi kazi akaondoka, na usimamizi ukabaki kwa afisa mawasiliano, mtu makini anayesoma maelekezo mpaka mwisho. Alikuwa na akaunti yenye haki zote za msimamizi. Kurasa zilikuwa katika lugha mbili, na programu-jalizi ya lugha (nyongeza inayosakinishwa ndani ya WordPress) ndiyo iliyoandika viungo vya `hreflang`, ambavyo huzieleza injini za utafutaji kwamba ukurasa huu ni wa lugha fulani na ule ni mwenzake wa lugha nyingine.

Kabla ya kuendelea ni lazima mpangilio wa ukurasa ueleweke. Ukurasa wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, una sehemu mbili. Ya kwanza, `<head>`, msomaji haioni: ndani yake mna jina la ukurasa, tegi za `meta`, viungo vya mitindo, anwani rasmi ya ukurasa (`canonical`) na skripti, yaani programu fupi zinazoendeshwa na kivinjari. Ya pili, `<body>`, ndiyo yenye kila kinachoonekana, ikiwemo nembo na menyu ambazo wengi huziita kichwa cha tovuti. Kwa hiyo mtu akiambiwa abandike msimbo "juu", huenda anaambiwa `<head>`, huenda anaambiwa mwanzo wa `<body>`. Akiambiwa kijachini, kwa kawaida ni kabla tu ya `</body>`. Katika mandhari nyingi za WordPress za mtindo wa zamani, `<head>` imo kwenye faili liitwalo `header.php` na mwisho wa ukurasa umo kwenye `footer.php`. Ndani ya mafaili hayo mna miito miwili, `wp_head()` na `wp_footer()`, ambayo programu-jalizi huitumia kuingiza vitu vyao bila kuyagusa mafaili yenyewe. Mwito wa tatu, `wp_body_open()`, uliongezwa katika toleo la 5.2 mwaka 2019 kwa ajili ya vitu vinavyotakiwa kukaa mara tu baada ya `<body>` kufunguka.

Afisa hakuwa amefundishwa lolote kati ya haya. Alichokuwa nacho ni kihariri cha faili za mandhari ndani ya dashibodi, ambacho humruhusu msimamizi kufungua `header.php` na kuandika atakacho.

Yaliyotokea

Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka vitu viwili: tegi ya `meta` ya kuthibitisha umiliki katika Google Search Console (huduma inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona), na skripti ya Google Analytics ya kuhesabu wageni. Alifungua `header.php`, akavibandika chini ya `<head>`, akahifadhi. Uthibitisho ulipita na takwimu zikaanza kuingia. Somo alilolipata lilikuwa la kweli, ila lilikuwa nusu: alijua mahali pa kubandika, lakini hakujua kwamba si kila kitu kinaruhusiwa kukaa hapo.

Kisha ikaja huduma ya gumzo. Kampuni yake ilituma kipande chenye `<div>` (kisanduku cha kuwekea vitu vinavyoonekana) tupu yenye kitambulisho, na chini yake skripti ya kuvutwa kutoka seva ya kampuni. Afisa alikibandika palepale, juu ya vile viwili vya kwanza, yaani mstari wa kwanza kabisa baada ya `<head>`. Kisanduku cha gumzo kikatokea kwenye kona ya skrini. Wakuu wakafurahi.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika na hakuna jicho lililoona. `<div>` hairuhusiwi ndani ya `<head>`. Kivinjari kikiikuta hakikatai ukurasa wala hakionyeshi kosa. Kinachukulia kwamba mwandishi amesahau kufunga `<head>`, kinaifunga chenyewe, kinaanzisha `<body>`, na kila kinachofuata kinaangukia huko. Katika tovuti hii kilichofuata kilikuwa karibu vyote: tegi ya uthibitisho, jina la ukurasa, `canonical`, `hreflang` na viungo vya mitindo. Kivinjari ni kivumilivu mno. Mitindo iliyoangukia `<body>` bado inafanya kazi. Jina la ukurasa bado linaonekana kwenye kichupo. Tegi halisi ya `<body>` ilipofika baadaye, sifa zake ziliunganishwa na ile iliyokwisha kufunguliwa, hivyo hata mpangilio wa kurasa haukuyumba. Skripti ya Analytics nayo iliendelea kuhesabu kama kawaida.

Injini ya utafutaji haina uvumilivu huo. Maelezo ya Google kwa wenye tovuti yako wazi: ikikutana na elementi isiyoruhusiwa ndani ya `<head>`, inachukulia kwamba sehemu hiyo imeishia hapo, na haisomi tena vilivyofuata kama sehemu ya `<head>`. `Canonical` iliyoangukia nje haihesabiwi. Uthibitisho kwa tegi ya `meta` nao unadai tegi iwe ndani ya `<head>`, na Google hurudi mara kwa mara kuhakiki kwamba bado ipo.

Matokeo yakaja taratibu. Afisa alipata taarifa kwamba uthibitisho wake wa Search Console umeshindikana. Alifungua `header.php`, akaiona tegi ipo palepale alipoiweka, akabonyeza kuthibitisha tena, akakataliwa. Aliamini kuna utaratibu umebadilika upande wa pili, akaiahirisha kazi hiyo. Wakati huohuo waombaji waliotafuta kozi kwa lugha moja wakaanza kuletewa kurasa za lugha nyingine. Dirisha ambalo lingemwonyesha tatizo hilo ni Search Console, nalo lilikuwa limefungwa na kipande kilekile.

Miezi kadhaa baadaye mandhari ilijisasisha usiku. WordPress imeruhusu masasisho ya mandhari na programu-jalizi kujiendesha kwa hiari ya msimamizi tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, na hapa yalikuwa yamewashwa. Sasisho la mandhari halihariri mafaili ya zamani, linaweka mapya mahali pake. `header.php` mpya haikuwa na hata mstari mmoja wa afisa. Gumzo lilitoweka, na hilo lilionekana asubuhi yake kwa sababu lina sura. Kuhesabu wageni kulikoma pia, lakini hilo liligunduliwa wakati wa kuandaa ripoti ya mwezi, pale mchoro ulipoonyesha mstari uliolala kwenye sifuri.

Sasisho hilohilo liliondoa `<div>` iliyokuwa imevunja `<head>`. Kuanzia usiku ule `canonical` na `hreflang` zilirudi mahali pake bila mtu kujua kwamba ziliwahi kuondoka, na kurasa za lugha sahihi zikaanza kurejea polepole katika matokeo ya utafutaji. Jambo hili litatuhusu sana mbele.

Afisa aliamua kutogusa tena mafaili ya mandhari, uamuzi mzuri. Akasakinisha programu-jalizi ya kuweka msimbo kwenye kijajuu na kijachini, yenye visanduku vitatu: cha `<head>`, cha mwanzo wa `<body>` na cha mwisho wa ukurasa. Vipande alikuwa amevihifadhi katika hati ya programu ya kuandikia barua. Programu hizo hugeuza alama za mtajo zilizonyooka (") kuwa zilizopinda (”), kwa nia njema ya kupendezesha maandishi. Kwenye msimbo ni balaa. Skripti ya Analytics ilianguka yote kwa kosa la sintaksia. Ya gumzo ilifanya jambo la ajabu zaidi: `src` iliyozungushiwa alama zilizopinda haina alama zozote kwa mtazamo wa HTML, kwa hiyo alama yenyewe ikawa sehemu ya anwani. Anwani inayoanza na alama kama hiyo haitambuliki kuwa ya seva nyingine. Kivinjari kikaitafuta skripti ndani ya tovuti ya taasisi yenyewe, na kumbukumbu za seva zikajaa maombi ya njia inayoanza na `%E2%80%9D` yakijibiwa 404, yaani "haipatikani". WordPress hutengeneza jibu la 404 kwa kuendesha programu nzima, hivyo kila mgeni aliyefungua ukurasa mmoja aliifanyisha seva kazi ya kurasa mbili.

Alipoona takwimu hazirudi, aliomba msaada kwa wakala wa matangazo waliyekuwa wameanza naye kampeni. Wakala akaweka Google Tag Manager, huduma ya kusimamia skripti nyingi kupitia kipande kimoja, na ndani yake akaweka Analytics na pikseli za matangazo (vipande vinavyofuatilia waliotoka kwenye tangazo). Takwimu zikarudi. Siku chache mbele, mfanyakazi mwenzake alimwonyesha afisa tofauti ya alama za mtajo. Akabandika upya kupitia kihariri cha maandishi matupu, na vipande vyake vya zamani vikafufuka vyote. Kuanzia hapo kila ukurasa ulihesabiwa mara mbili: na skripti ya kwenye programu-jalizi, na ile ya ndani ya Tag Manager.

Ripoti iliyofuata ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kurasa zilizotazamwa zilikaribia kuwa maradufu, na kiwango cha ushiriki kikakaribia asilimia 100. Wakurugenzi waliisoma kama ushindi wa kampeni, wakaongeza bajeti ya matangazo.

Siku ya mwisho ya maombi

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kutuma maombi, seva ya kampuni ya gumzo ilikwama. Haikuzimika. Ingekataa maombi waziwazi, kivinjari kingepata jibu mara moja na kuendelea. Ilipokea maombi na kukaa kimya. Skripti yake ilikuwa kwenye kisanduku cha `<head>`, bila `async` wala `defer` (maneno yanayokiruhusu kivinjari kuendelea bila kuisubiri skripti), na kanuni ya kivinjari katika hali hiyo ni kusimama mpaka skripti ifike ndipo kiendelee kusoma ukurasa. Kwa kuwa `<body>` ilikuwa bado haijafikiwa, mwombaji alitazama skrini nyeupe.

Simu zikaanza. Kampuni ya seva ikasema, kwa haki kabisa, kwamba seva yao haina shida. Afisa akafungua tovuti kwenye kompyuta yake, ikafunguka.

"Mbona kwangu inafungua vizuri?" alimuuliza mkurugenzi.

Ilifunguka kwa sababu kivinjari chake kilikuwa na nakala ya skripti ya gumzo katika kache, hifadhi yake ya muda, tangu jana yake. Mwombaji mgeni hakuwa nayo. Nilipoitwa, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua ukurasa kwenye dirisha la faragha huku paneli ya mtandao ya zana za wasanidi (sehemu ya kivinjari inayoorodhesha kila kinachovutwa na ukurasa) ikiwa wazi. Mstari mmoja ulikuwa ukisubiri jibu, mingine yote ikiwa imeshakamilika.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Mkurugenzi alipendekeza turudishe nakala rudufu ya wiki iliyopita. Pendekezo hilo linaeleweka, lakini lingekuwa baya kuliko tatizo. Maombi ya wanafunzi yalikuwa yakiingia kwenye hifadhidata ileile ambayo programu-jalizi ilihifadhi misimbo yake. Kurudisha hifadhidata ya wiki iliyopita kungefuta maombi ya wiki nzima siku ya mwisho ya kuyapokea. Tuliondoa kipande cha gumzo tu, kisha tukasafisha kache ya kurasa, kwa sababu bila hatua hiyo seva ingeendelea kutoa HTML ya zamani yenye kipande hicho ndani. Tovuti ikarudi, na muda wa maombi ukaongezwa hadi kesho yake kwa uamuzi wa taasisi.

Kazi yenyewe ilianza baada ya hapo. Nilimwomba afisa tukae pamoja na kuorodhesha kila kipande kinachoingia kwenye kurasa: kimetoka wapi, kimeombwa na nani, kinafanya nini, na kikiondolewa nani atalalamika. Hatukuanza na dashibodi. Tulianza na chanzo cha ukurasa kama seva inavyokitoa, kisha tukalinganisha na muundo ambao kivinjari kimeujenga. Hivi ni vitu viwili tofauti, na kisa hiki chote kimo katika tofauti hiyo. Tegi ya uthibitisho iliyomkatisha tamaa afisa ilikuwa ndani ya `<head>` ukisoma faili, na ndani ya `<body>` ukitazama muundo uliojengwa. Nilimfungulia nakala rudufu ya `header.php` ya zamani kwenye kompyuta ya majaribio, akaliona kwa macho yake. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe ile siku sikukosea kubandika tegi. Nilikosea kilichokuwa juu yake." Sikuwa na la kuongeza.

Swali gumu lilikuwa mahali pa kuweka misimbo kuanzia sasa. Kwa mtazamo wa kiufundi, ningependa programu-jalizi ndogo ya tovuti hiyo peke yake, iliyoandikwa kwa kutumia `wp_head` na `wp_footer`, ikihifadhiwa kwenye mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko. Inavuka masasisho, inavuka hata kubadilishwa kwa mandhari, jambo ambalo mandhari-mtoto (nyongeza inayokaa juu ya mandhari moja maalumu) haiwezi. Lakini taasisi haikuwa na fundi wa kudumu. Laiti gumzo lingekuwa ndani ya programu-jalizi ya namna hiyo asubuhi ile, afisa asingeweza kuliondoa mwenyewe. Tukaibakiza ile ya visanduku vitatu, kwa masharti. Mnakaa vitu vitatu tu: tegi ya uthibitisho, kipande cha Tag Manager, na kitufe cha gumzo. Analytics na pikseli zinakaa ndani ya Tag Manager pekee. Na ili mlango wa zamani usifunguliwe tena, tuliandika `define('DISALLOW_FILE_EDIT', true);` kwenye `wp-config.php`, faili la mipangilio ya WordPress; mstari huo huondoa kihariri cha faili katika dashibodi.

Kwa gumzo, kuhamishia skripti kwenye kijachini na kuipa `defer` kungetosha kuzuia skrini nyeupe. Tulikwenda hatua moja zaidi: ukurasa unaonyesha kitufe cha kawaida, na skripti ya kampuni haivutwi mpaka mgeni akibonyeze. Skripti inayoingizwa kwa namna hiyo haizuii chochote, na mgeni asiyehitaji gumzo habebeshwi mzigo wake.

Uamuzi wa mwisho ulihusu Tag Manager, na huu ndio niliousisitiza kuliko yote. Anayeweza kuchapisha ndani ya Tag Manager anaweza kuweka JavaScript yoyote kwenye kila ukurasa, ikiwemo fomu ambayo waombaji huandika majina, namba za simu na za vitambulisho. Wafanyakazi wote wa wakala walikuwa na haki hiyo. Sikuwa na sababu ya kuwashuku. Lakini mwaka 2024 dunia iliona yaliyotokea kwa polyfill.io: kikoa kilichotoa skripti iliyoaminiwa kwa miaka mingi kilipata mmiliki mpya, na mnamo Juni ikabainika kwamba kinasambaza msimbo wenye madhara kwa tovuti zaidi ya 100,000 zilizokuwa zimeibandika. Wenye tovuti hizo hawakuwa wamebadilisha hata herufi. Tag Manager ina ngazi tofauti za ruhusa, kwa hiyo wakala alibakiwa na haki ya kuhariri, na haki ya kuchapisha ikawa ya afisa. Pikseli na gumzo viliondolewa kabisa kwenye ukurasa wa fomu.

Matokeo

Kurasa zilianza kufunguka kwa kasi iliyohisiwa hata na waliokuwa hawajui kwamba kuna kitu kimebadilika. Uthibitisho wa Search Console ulipita kwa jaribio la kwanza. Kumbukumbu za 404 zilishasafishika tangu alama za mtajo ziliporekebishwa.

Takwimu zilileta mazungumzo magumu. Mara hesabu ya pili ilipoondolewa, ripoti ilionyesha kurasa zilizotazamwa zimeshuka hadi karibu nusu, na kiwango cha ushiriki kikarudi kwenye hali ya kibinadamu. Wakurugenzi walidhani tovuti imeharibiwa. Afisa ilibidi aeleze kwamba namba haikuanguka, ila ile ya juu haikuwa ya kweli. Data iliyokwisha kuchakatwa ndani ya Analytics hairekebishiki, kwa hiyo kipindi kile kimebaki na namba zake, na kila ripoti inayokigusa inaambatana na maelezo. Bajeti ya matangazo ilipitiwa upya, ikapunguzwa, haikufutwa.

Uchambuzi

Wakala wa matangazo alisifiwa kwa mambo mawili: kurasa kutazamwa zaidi, na waombaji wa lugha sahihi kuongezeka kutoka kwenye utafutaji. La kwanza lilitokana na kuhesabu mara mbili. La pili lilitokana na sasisho la mandhari kuifuta `<div>`. Sisemi kampeni haikufanya lolote. Nasema hakuna aliyeweza kujua ilifanya nini, kwa sababu mabadiliko matatu yaliangukia kipindi kimoja na hakuna hata moja lililoandikwa popote. Pesa ziligawanywa kwa kufuata mchoro ambao hakuna aliyeuliza umechorwaje.

Dalili ilikuwepo. Katika Google Analytics ya sasa, ziara huhesabiwa kuwa ya ushiriki ikizidi sekunde 10, au ikiwa na tukio muhimu, au ikiwa na kurasa mbili au zaidi zilizotazamwa. Ukihesabu kila ukurasa mara mbili, hata aliyefungua na kufunga papo hapo ana kurasa mbili. Ndiyo maana kiwango kilikaribia 100. Hakuna tovuti ya umma ambayo karibu kila anayeingia anashiriki, na namba ya namna hiyo ingepaswa kumfanya mtu afungue paneli ya mtandao kabla ya kufungua shampeni. Ukiona maombi mawili ya `page_view` kwa ukurasa mmoja, jibu umelipata.

Lililo la msingi zaidi ni kwamba makosa ya `<head>` karibu yote ni ya kimya. Kati ya matatizo ya kisa hiki, lililopiga kelele ni moja tu, skrini nyeupe. Kuvunjika kwa `<head>`, uthibitisho kuanguka, takwimu kufa na takwimu kuhesabiwa maradufu, yote yalitokea huku tovuti ikionekana nzima. Kipimo cha afisa kilikuwa kutazama ukurasa, na kwa picha au aya mpya kipimo hicho kinatosha. Kwa msimbo wa `<head>` hakitoshi, kwa sababu wasomaji wake ni mashine. Kila anapobandika kitu sasa, anafungua zana za wasanidi kwenye dirisha la faragha, anapanua `<head>` katika muundo uliojengwa, na kuangalia kama `canonical` bado imo. Anatazama konsoli kama kuna kosa jekundu, na paneli ya mtandao kama kuna 404 au ombi linalojirudia. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na ingeyakamata matatizo yote ya hapo juu siku yaliyozaliwa, isipokuwa sasisho la usiku na skrini nyeupe.

Kuhusu sasisho hilo, baadhi ya waliosikia kisa hiki walihitimisha kwamba masasisho ya kujiendesha yazimwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Mandhari isiyosasishwa ni hatari ya kweli kwa fomu inayokusanya taarifa za watu. Sasisho lilifanya kazi yake: faili la mandhari ni mali ya aliyeitengeneza mandhari, na chochote unachoandika humo kimekaa kwa muda tu. Kilichokosekana ni mahali panapofaa pa kuandika.

Mpangilio wa vipande nao ungeweza kuokoa mengi, hata kama kila kingine kingebaki vilevile. Tegi ya seti ya herufi (`meta charset`, inayokieleza kivinjari namna ya kusoma herufi za ukurasa) inatakiwa iwe ndani ya baiti 1024 za mwanzo za ukurasa, kwa hiyo kubandika chochote kirefu juu yake ni kosa hata kama ni msimbo halali. Zifuate jina la ukurasa, `meta` na viungo, kisha skripti. Kitu chochote chenye sura, iwe `<div>`, picha au `<iframe>`, hakina nafasi humo. Mtego mwingine ambao hawakuangukia, ila wengi huangukia: kipande cha pili cha Tag Manager, chenye `<iframe>` ndani ya `<noscript>`, kimekusudiwa mwanzo wa `<body>`. Ukikiweka kwenye `<head>`, kivinjari chenye JavaScript hakionyeshi tofauti yoyote, lakini msomaji asiye na JavaScript anaifunga `<head>` palepale.

Uamuzi wa kubaki na programu-jalizi ya visanduku vitatu una udhaifu ambao sitaki kuuficha. Inahifadhi misimbo kwenye hifadhidata, na toleo walilonalo halitunzi historia ya nani alibadilisha nini. Tumeziba pengo hilo kwa daftari la pamoja, lenye tarehe, kipande chenyewe, aliyekiomba na sababu. Daftari hutegemea nidhamu ya watu, na nidhamu huchoka. Mpaka naandika haya limejazwa kwa uaminifu, na limeshazuia jambo moja: wakala alileta pikseli mpya, afisa akapitia orodha, akakuta ileile imo tayari kwa jina tofauti la kampeni, akakataa kuichapisha.

Kengele ya takwimu zinapokoma bado haijawekwa. Walipendekeza ukaguzi wa mwisho wa mwezi, nikawaambia kwamba huo ndio waliokuwa nao mara ya kwanza. Kwa sasa afisa huangalia wageni wa siku iliyopita kila asubuhi, na fundi wa mkataba atakapopatikana, kazi yake ya kwanza itakuwa kuweka taarifa ya kujituma pindi idadi inapofika sifuri.